Nimekuta baiskeli ya baba mkwe nje ya mkutano wa kuacha pombe

Shikamoo anti.

Naomba usiweke jina langu wala mtaa, we andika tu fundi umeme wa Dodoma, tuko wengi siku hizi hatuhesabiki.

Nina miaka 39, mke mmoja, watoto watatu. Pombe nimekua nayo, mama yangu alikuwa anapika ujimbi kijijini kwetu huko Chamwino na hiyo ndo imeninunulia daftari mpaka namaliza shule, kwa hiyo mi sijawahi kuiona pombe kama adui, ni kitu cha nyumbani kama mlenda tu. Mambo yalianza kuharibika serikali ilipohamia huku. Kazi zilimwagika anti, Ilazo, Nzuguni, Iyumbu, kila kona mtu anajenga, hela inaingia Jumamosi mchana na Jumapili asubuhi naomba nauli kwa mke. Kwenye ujimbi nikahamia bia, kwenye bia nikahamia viroba, zile pombe kali za vifuko vya plastiki, vilipopigwa marufuku 2017 nikasema afadhali sasa nitapumzika, kumbe nikahamia chupa ndogo za kali zile zinazoingia mfuko wa ovaroli. Mwisho nikawa siwezi kushika kazi bila kuzimua asubuhi, testa inanitetemeka mkononi mpaka kijana wangu wa saiti ananiambia bosi kaa tu pembeni mimi nitaunga.

Mwezi wa kwanza nilimwapia mke wangu nikaacha ghafla. Siku ya pili nikaanguka jikoni kama mtu wa kifafa, nimejing'ata ulimi. Majirani wakasema mapepo, mama mkwe akaja na maji ya upako, nikaombewa mpaka usiku wa manane. Kesho yake jioni nikanywa kidogo nikatulia, nikajiambia basi, hii ndo dawa yangu, nikarudi mzima mzima.

Mwezi wa nne niliunga waya vibaya kwenye nyumba ya mtu ukutani kukawaka. Hakuna aliyeumia ila yule mteja aliniangalia tu hakusema kitu, na ile kutosema iliniuma kuliko angenitukana. Nikaenda hospitali mwenyewe, nikalazwa siku tisa. Hospitali yenyewe naomba niiache, ila we unaijua Dodoma, ukisema ulilazwa kule watu wanacheka kwanza ndo wanakuuliza hali. Siku ya kutoka nesi mmoja akaniambia fundi, sumu tumeitoa, sasa katafute watu. Akaniandikia kwenye karatasi siku, saa, na mahali. Ni chumba cha Sunday school nyuma ya kanisa fulani, upande mwingine kabisa wa mji, na nilifurahi kuwa ni mbali maana huko hakuna anayenijua.

Wiki ya kwanza nilipita na pikipiki sikusimama. Wiki ya pili nilikaa kwenye banda la chipsi ng'ambo ya barabara nikaagiza chipsi kavu nikahesabu wanaoingia, watano, mmoja mwanamke. Wiki ya tatu nikasema liwalo na liwe, nikafika mpaka mlangoni.

Anti, nje kuna baiskeli imeegeshwa ukutani. Ile baiskeli keria yake niliichomelea mimi mwenyewe kwa mikono yangu miaka miwili iliyopita. Nikasimama. Dirisha liko wazi, nasikia sauti ya mzee inataja jina lake la kwanza, halafu inasema mimi ni mlevi, na leo nina miezi kumi na moja. Ni baba mkwe wangu. Niligeuka taratibu nikasukuma pikipiki mpaka lami ndo nikawasha.

Sasa nikueleze kwa nini hili ni zito. Mke wangu tangu tuoane wimbo wake ni mmoja, baba aliacha pombe mwaka 2009 siku moja tu kwa maombi, hakurudi nyuma, wewe unashindwa nini? Mama mkwe hivyo hivyo. Kanisani kwao mzee ndo anatolewa mfano. Kumbe ana miezi kumi na moja! Na kila wiki siku hiyo hiyo anaaga nyumbani anakwenda kwenye kikao cha wastaafu wa reli.

Na kwetu mkwe ni mkwe. Mi nikimkuta njiani nashuka kwenye pikipiki nasalimia nimeinama. Hatujawahi kula sahani moja. Leo niende nikae naye duara moja niseme mbele yake mimi ni mlevi, niliuza cherehani ya binti yako nikanywa? (Ni kweli, niliiuza.)

Mke akaniuliza kikundi vipi, nikasema kizuri, wamenipokea. Wiki ya nne na ya tano nimetoka nyumbani kama naenda, nakaa Nyerere Square naangalia watu mpaka saa moja narudi. Juzi tumegombana kuhusu hela, akaanza baba yangu, baba yangu, na lile neno lilifika hapa kwenye ulimi anti, nilijisikia kama mtu aliyeshika silaha. Nikalimeza. Sijui nitalimeza mara ngapi.

Mke anataka niende kwa mchungaji wao nitoe ushuhuda kama baba yake. Na mwezi wa nane kuna sendofu ya shemeji yangu, mimi na mzee tutapangwa meza ya mbele.

Nina wiki saba sijagusa. Nisaidie, niingie kwenye kile chumba? Nitafute kingine, na nitakipata wapi? Nimwambie mke nilichokiona? Au nikae kimya nijikaze mwenyewe tu, si wiki saba nimeweza.

Fundi, Dodoma


Marahaba baba, mbukwa.

Kwanza ondoa wasiwasi, nimekubadilishia vitu kadhaa kwenye barua kabla haijatoka. Kilichoegeshwa ukutani sikukiita jina lake, na mambo mengine mawili matatu yanayomhusu mzee nimeyageuza. Mkeo akisoma hapa aone ni fundi mwingine tu na shida zake.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, nisamehe, pale uliposukuma pikipiki mpaka lami. Mara ya pili sikucheka. Maana nikiikunja barua yako iwe fupi naona inasema hivi: mtu aliyezoea kunywa na kampani anatakiwa aache na kampani, kampani yenyewe ameipata kwa shida, na ndani yake amekaa mtu pekee duniani ambaye mbele yake hawezi kuivua heshima. Halafu juu ya hapo umebebeshwa siri ambayo hukuiomba. Hayo ni mawili tofauti baba, na nadhani ukiyabeba kwa mkono mmoja ndo yanakulemea. Kuna la wewe na chumba, na kuna la wewe na siri.

Tuanze na la chumba.

Unasema ulifurahi kwamba ni mbali na kwenu. Umewahi kujiuliza kwa nini na mzee kaendesha baiskeli umbali wote huo? Nahisi na yeye alifurahi kuwa ni mbali. Mmekimbia watu wale wale mkakutana mlango mmoja. Wewe umemwona yeye, na ungeingia yeye angekuona wewe, na kila mmoja angekuwa ameshika siri ya mwenzake. Watu wengi wanaoogopa vikundi hivi huwaza habari ya kuonekana tu, wanasahau kwamba anayekuona humo ndani na yeye yumo humo ndani.

Halafu nikuulize la mila. Kwetu Mpwapwa nimekulia kwenye heshima hiyo hiyo ya mkwe, naijua, siyo kitu cha kudharau na sitakuambia uitupe. Ila hebu iangalie vizuri, inakataza nini hasa? Inakataza kukaa chumba kimoja? Misibani mnakaa. Inakataza kuongea? Mnasalimiana. Mimi ninavyoielewa inakataza kumwaga aibu mbele ya mkwe. Sasa swali ni kama kwenye kile chumba unalazimika kumwaga.

Sijui kile kikundi chako kinaendeshwaje, lakini vikundi vingi vya aina hii duniani vimefuata utaratibu wa Alcoholics Anonymous, wenyewe wanaita AA, ulioanza 1935 kule Akron, Marekani. Ulianza na watu wawili tu, dalali wa hisa aliyekuwa safarini, mbali na kwao, akihofia kurudia pombe, na daktari wa upasuaji aliyekuwa mlevi kama yeye. Walikaa wakaongea, na yule wa kwanza akagundua kwamba akiongea na mlevi mwenzake hamu inapungua. Kwenye utaratibu huo hakuna ada, wanaweza wakapitisha kikapu mwenye chochote aweke, majina ni ya kwanza tu, na sharti la kuwa mwanachama ni moja, uwe unataka kuacha kunywa. Hakuna anayelazimishwa kuongea. Ukifikiwa zamu unaweza kusema leo nasikiliza, wanakushukuru wanaendelea. Na mtu akimaliza kuongea kwa kawaida hajibiwi wala hahojiwi, hupati pale mzee wa kukwambia kwa hiyo cherehani ya binti yangu ulimuuzia nani.

Kwa hiyo ungeweza kuingia ukakaa kimya wiki nne. Ungeweza kuongelea mikono kutetemeka na moto ukutani bila kugusa ndoa. Lakini nisikudanganye, hapo kuna hasara yake. Nusu ya yaliyokupata yanapita kwa mkeo, na mbele ya baba yake utakuwa unachuja kila neno kabla halijatoka. Na yeye vile vile atachuja. Mzee wa watu amekaa pale miezi bila mkwe akafika mahali pa kusema mimi ni mlevi kwa sauti ya kusikika dirishani, ukiingia wewe ghafla anaweza akafunga mdomo, au mbaya zaidi asirudi tena. Hilo nalo lipime. Siyo kwamba ni mzigo wako kumlinda, ila ungependa kulijua kabla hujasukuma mlango.

Ndo maana nafikiria njia ya katikati, sijui utaionaje. Kila chumba kina mtu wake wa kufungua, anayepanga viti na kuchemsha chai. Unaweza kumwendea huyo nusu saa kabla, ukamwambia kuna mtu wangu wa karibu humu, simtaji, mnafanyaje mambo yakiwa hivi? Amini usiamini wanakutana nayo sana, mji ni mdogo na koo zetu ni kubwa, mume na mke, bosi na karani, hata mchungaji na muumini. Anaweza akajua kikundi kingine, au siku nyingine, au akakuunganisha na mmoja wao mkawa mnaonana pembeni. Wenyewe wanamwita sponsa, mtu aliyetangulia anayekushika mkono, unampigia usiku ule ambao kilabu kinakuita kwa jina. Na kwa kawaida sponsa hawi ndugu, kwa hiyo hata mkiwa chumba kimoja na mzee, yale ya ndani kabisa unayapeleka kwa mwingine.

Njia nyingine ni kumwendea mzee kabla, peke yenu. Hii ndo inanisumbua kichwa. Kimila ukiwa na neno gumu la kupeleka ukweni unamtuma mshenga, si ndiyo? Ndo kazi yake. Ila hapa mshenga hatumiki, maana ukimtuma tu siri imeshatoka, na mzee kaiweka pale kwa kuamini kwamba haitoki. Kwa hiyo kama ni kwenda utaenda mwenyewe, bila mtu wa kukutangulia, kitu ambacho mkwe hafanyi. Inaweza ikawa sentensi moja tu. Baba, nami nimeelekezwa pale pa Alhamisi (au siku yoyote ile), nimekuja kuomba ruhusa. Ukiomba ruhusa unakuwa bado mkwe, hujamvua nguo, umemwachia yeye mlango wa kufungua au kufunga. Akikasirika? Anaweza. Akakana? Anaweza pia, akasema sijui unaongelea nini kijana, na utatakiwa kumkubalia kana kwamba kweli hujui. Akalia? Wazee wanalia baba, hawaonyeshi tu.

Kuhusu kutafuta kingine. Umeniuliza utakipata wapi, na hapa nikupe vya kushika. Rudi kwa yule nesi, ndo mtu wako wa kwanza, alikupa karatasi moja anaweza kukupa nyingine. Hospitali kubwa zina ofisi ya ustawi wa jamii, waulize hao, na waulize watu wa kliniki ya afya ya akili, wao ndo wanaokutana na walioacha na wanajua nani anakutana wapi. Hapa Dodoma huduma za waraibu zimekuwepo muda mrefu, kule Itega chini ya Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, na najua neno Mirembe mtaani kwetu limegeuzwa tusi, mtoto akifanya ujinga anaambiwa utapelekwa Mirembe. Hospitali ile iko pale tangu enzi ya Mwingereza, imesomesha wauguzi, imepokea watu wa kila aina, maafisa, walimu, mafundi. Anayecheka acha acheke, wewe ulikwenda kwa miguu yako mwenyewe, jambo ambalo wachekaji wengi wangelishindwa. Ila angalizo dogo: ukisikia watu wanasifia kliniki za methadone, ile ni dawa ya waliokuwa wanatumia heroini, siyo ya pombe, usije ukapanga foleni siyo yako.

Kuna na mikutano ya simu na ya intaneti, ipo usiku na mchana, mingi ni kwa Kiingereza, na inakula bando. Wengine inawafaa, hasa usiku. Uzuri wake hutakuta baiskeli ya mtu. Ubaya wake unaweza ukazima kamera ukawa unasikiliza huku unachomelea geti, halafu unajihesabia umehudhuria. Na wewe umeniandikia kwamba ulikaa Nyerere Square mara mbili unaangalia watu. Sidhani ulifuata upepo pale. Naona ulikuwa unatafuta watu.

Kwa mchungaji sina neno baya, watu wengi wamesimamia imani wakaacha. Ninachokiogopa ni ushuhuda. Kusimama na wiki saba mbele ya kanisa zima useme nimeshaacha, halafu ikatokea umeteleza wiki ya tisa, utarudi wapi? Inawezekana, nasema inawezekana tu maana simjui, kwamba mzee wako ndo yaliyompata hayo. Aliacha kweli 2009, akatoa ushuhuda, akawa mfano, halafu siku fulani akateleza, na mtu ambaye ni mfano hana pa kuangukia. Wewe umehitimisha kwamba aliidanganya familia. Labda. Lakini miezi kumi na moja haifuti miaka iliyotangulia, na hujui nani nyumbani kwake anajua nini. Wake za watu huwa wanajua harufu. Mama mkwe anaweza kuwa ndiye anayemfungia chapati za kwenda nazo kwenye hicho kikao cha wastaafu.

Hapo ndo tunafika kwenye siri.

Umesema ulijisikia kama mtu aliyeshika silaha. Nimeipenda sana sentensi hiyo kwa sababu hukuificha. Mtu ambaye miaka kumi na kitu anapimwa kwa kipimo cha mwingine, siku anagundua kipimo chenyewe kimepinda, lazima mkono uwashe. Ila jaribu kuwaza dakika tano baada ya kulisema. Mkeo kashapoteza nini? Kapoteza baba, kwa namna fulani, na kampoteza kupitia mdomo wako wakati wa ugomvi wa hela. Mzee kapoteza chumba. Wewe nawe umepoteza chumba, maana nani atakupokea mahali ambapo umetoa ya ndani kabla hata hujaingia? Na hutakuwa umemjibu lile swali lake, wewe unashindwa nini.

Lile swali lina jibu lake baba, wala halimhusu mzee. Naona kuna kitu mkeo hajaambiwa. Pale jikoni mwezi wa kwanza hukushindwa na hayakuwa mapepo. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku ukinyimwa ghafla unachachamaa, mikono inatetemeka ndani ya saa chache, kifafa kinaweza kumpiga mtu ndani ya siku mbili za mwanzo, na kati ya siku ya pili na ya nne wengine wanachanganyikiwa, homa, wanaona wadudu ukutani, na wapo wanaokufa. Ndo maana hospitali walikushusha polepole kwa dawa. Na aliyewahi kuanguka mara moja yuko kwenye hatari zaidi ya kuanguka tena. Kwa hiyo likitokea la kutokea, ukarudia pombe, hapa tu ndo naomba usinijadili, usije ukaapa na kuacha peke yako jikoni tena, nenda hospitali. Hili unaweza kumwelezea mkeo hata leo jioni, na bora zaidi aende akalisikie kwa nesi. Inaweza kumpunguzia wimbo. Inaweza isimpunguzie pia, maana na yeye ana hasira zake, ana haki nazo, cherehani ni cherehani. Familia za walevi nao wana vikundi vyao, Al-Anon, tangu 1951, muulize nesi kama kuna wake wanaokutana.

Kuhusu ule uongo wa kikundi kizuri wamenipokea. Naelewa ulitoka vipi. Ila kila wiki unauongezea tofali, na mwanamke aliyeishi na mlevi ana pua ya upelelezi, siku atakapojua hukuwa kikundini atajiuliza ulikuwa wapi, na jibu la kwanza kumjia halitakuwa Nyerere Square. Ipo namna ya kusema ukweli bila kutoa siri: mke wangu sijaingia bado, nilifika mlangoni nikamwona mtu ninayemfahamu, na sheria ya pale hatutajani. Hatari yake ni kwamba atauliza nani, na ataendelea kuuliza, na wewe itabidi uwe kama ukuta. Utaweza? Mimi sijui, wewe ndo unamjua. Kama unaona hutaweza labda bora useme tu sijaingia bado, naogopa. Na hilo nalo si uongo.

Swali lako la mwisho, kujikaza mwenyewe. Wiki saba ni kitu, sikunyang'anyi. Ila soma tena barua yako, hukuwa peke yako hizo wiki saba. Kuna nesi, kuna kijana wa saiti anayekuunganishia waya, kuna lile banda la chipsi, kuna siku moja kila wiki unaoga unavaa unatoka kwenda mahali, hata kama hufiki. Ukiondoa hiyo siku sijui wiki itashikwa na nini. Jumamosi ya malipo inapita vipi kwa sasa? Hukuniambia, na ningependa kujua.

Tukio la karibu ni sendofu. Huwezi kulikwepa na sioni kama unatakiwa kulikwepa, ila tosti ndo kitu cha kujipanga nacho, MC akishasema wote tusimame na glasi juu, kila mtu anaangalia meza ya mbele. Siku hiyo wahi ukumbini, mtafute mhudumu wa meza yenu, mwambie kwenye glasi yako aweke soda mapema kabla chupa hazijaanza kuzunguka. Halafu mwambie aweke na kwa mzee. Akikuuliza kwa nini, sema tu mzee anapenda soda.